Mkono Usio na Kivuli

Jumanne, tarehe 9 Septemba. Asubuhi jua lilichomoza saa kumi na mbili na robo, bila kuchelewa. Upepo mdogo kutoka kusini. Mawingu mawili tu angani, na yote mawili yalikuwa na kibali.

Naanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, Mwalimu Tegemea Lwanda, alituambia kwamba taarifa yoyote kuhusu paneli za jua huanza na tarehe na hali ya hewa. "Fundi asiyeandika hali ya hewa," alisema, "ataulaumu mtambo kwa kosa la wingu." Nimepiga magoti kabla ya kushika kalamu, nikamwomba Mungu nisiongeze wala nisipunguze. Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kuliandika kunahitaji kibali cha Idara ya Majina, na karani wa idara hiyo yuko likizo tangu tupate uhuru. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu", nanyi mtanielewa.

Jina langu ni Sikudhani. Nina miaka hamsini na minne, na kazi yangu ni kuosha paneli za zahanati ya mtaa wetu. Nina ndoo, kitambaa laini, na ngazi ya mbao yenye vipandio kumi na kimoja. Utotoni sikusoma. Nilianza nikiwa na miaka hamsini na moja, saa kumi na moja jioni, kwenye benchi la wagonjwa wa nje, wagonjwa wakishaenda nyumbani.

Sasa niwaeleze kuhusu mkono.

Mbele ya zahanati, upande wa mashariki, imesimama sanamu ya Mkuu Asiyestaafu, kiongozi wetu mpendwa. Ilipojengwa, mikono yake yote miwili ilikuwa imelala ubavuni, kama ya mtu yeyote anayesubiri kitu. Bunge likaona hilo si vizuri. Mkono wa kulia ukainuliwa ili uonyeshe maendeleo yaliko. Mwaka uliofuata wabunge walitazama kule unakoonyesha, wakakuta maendeleo bado yako mbali. Wakapitisha azimio, bila kupingwa, mkono urefushwe kwa mita tatu ili uyakaribie. Mwaka mwingine wakaongeza mita nne. Tulishangilia sana siku hiyo, maana tulipewa ruhusa ya kushangilia hadi saa nane mchana.

Mkono ulielekea magharibi. Na magharibi ya sanamu ndiko lilikokuwa paa la zahanati.

*

Juu ya paa kulikuwa na paneli sita za aina mpya, za perovskaiti. Paneli za zamani mnazijua, zina vipande vya mraba kama vigae vya bafuni. Hizi mpya ni nyembamba, nyeusi zinazokaribia kahawia, na zina mistari mirefu iliyolala sambamba kama mistari ya daftari. Kila mstari unatengeneza umeme wake, lakini umeme hauruki mstari. Hupita wa kwanza, ukaenda wa pili, ukaenda wa tatu, mpaka wa mwisho.

Mwalimu Tegemea alitupanga ukumbini tukapasiana ndoo za maji. Kisha akanijia mimi, niliyekuwa katikati, akanifunga macho kwa khanga yangu mwenyewe na kuniambia nikunje mikono. Wenzangu wakaambiwa wasisimame, waendelee kupasiana. Ndoo tatu zilinifika kifuani.

"Umeelewa, Mama Sikudhani?"

"Nimelowa, Mwalimu."

"Ndiyo kuelewa kwenyewe. Mstari uliofunikwa na kivuli haufanyi kazi. Wenzake walio juani wanausukumia umeme kwa nguvu, na umeme ukikosa pa kupita unageuka moto. Paneli za zamani zinavumilia kidogo msukumo huo. Hizi mpya ni kama ngozi ya mtoto mchanga. Dakika chache tu, mstari unaungua na kugeuka njano."

"Na ukishakuwa njano, unapona?"

Alifurahi kuulizwa. Alikuwa mwalimu wa namna hiyo, akiulizwa swali unadhani ameletewa chakula. "Paneli hizi zina ajabu yake," alisema. "Zikichoka kwa jua la mchana, zikikaa gizani hupata nafuu, kama mtu aliyelala. Lakini huo ni uchovu, mama. Mstari ulioungua hauponi, hata ukikaa gizani miaka mia."

Nikaandika kwenye daftari: Uliochoka hupona. Ulioungua hauponi.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuzilaza paneli ili kivuli kikatize mistari yote badala ya kulala juu ya mmoja. Hapo kila mstari hupoteza kidogo na hakuna unaokufa. Ya pili ni kidude kidogo kama harage, kinaitwa dayodi, kimefungwa nyuma ya kila paneli. Paneli moja ikiugua, dayodi inafungua njia ya kando, umeme unaizunguka na kuendelea na safari. Watengenezaji walieleza yote mawili kwenye karatasi yao, tena kwa picha, ili hata sisi ambao hatujafika herufi M tuelewe.

Wizara ya Jua ilikuwa na watu waliokwisha kufika herufi zote.

*

Waziri wa Jua alikuwa Mheshimiwa Magesa Shindika. Kabla ya siasa alikuwa anauza mapazia. Alitoa Waraka Namba Saba, ambao ulibandikwa hata kwenye mlango wa choo cha zahanati. Ulisema mistari ya paneli zote nchini ielekee Ikulu, kwa heshima. Paneli zetu zikageuzwa. Ikulu iko mashariki, kwa hiyo mistari ikalala mashariki kwa magharibi, sawasawa na mkono.

Ibara ya pili ilihusu dayodi. "Njia ya kando ni njia ya panya," aliandika Waziri. "Umeme mzalendo hupita mbele." Wakaguzi walikuja na koleo, wakang'oa dayodi sita, wakazitia kwenye bahasha kama vidhibiti. Nasikia zilifikishwa mahakamani zikanyimwa dhamana.

Betri zilichukuliwa wiki hiyohiyo. Zilihitajika kuwasha taa za sanamu, ili hata jua likizama wananchi waone mkono unaonyesha wapi.

Mume wangu aliitwa Chilumba. Alifanya kazi kwenye tanuri la chokaa tangu ujana wake, na chokaa ililala kwenye mapafu yake ikakataa kuondoka. Mwezi wa kumi na mbili alilazwa zahanati, mchana akapumua kwa mtambo wa oksijeni uliotegemea paneli zile sita, na usiku kwa mtungi mmoja uliokwisha alfajiri ya siku ya tatu. Nilikuwa naziosha kila asubuhi huku nikiusikia mtambo chini yangu ukiguna. Niliomba kwa kufuata mguno huo. Mguno mmoja, neno moja.

Siku ya tatu, saa tatu kamili asubuhi, kivuli cha mkono, ambacho jua lilikuwa likikisogeza kidogo kila siku, kilifika kwenye paa. Hakikukatiza. Kililala juu ya mstari mmoja wa paneli ya tatu kama rula iliyowekwa kwenye daftari, na kiliposogea, kilisogea kwa kuufuata mstari uleule. Nilikuwa juu ya ngazi. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikaona doa la njano linafunguka polepole. Chini, mtambo ukanyamaza.

Sikumbuki nilivyoshuka. Chilumba alikuwa ameketi, ameshika ukingo wa godoro kwa mikono miwili. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Muuguzi Atugonza alijaribu kila alichokuwa nacho, na hakuwa na vingi. Saa tatu na dakika kumi na nne mikono ya mume wangu iliachia godoro.

Ripoti ya Wizara ilikuja baada ya wiki mbili. Hiyo ndiyo barua ya kwanza ya serikali niliyoisoma mwenyewe katika maisha yangu. Ilisema: "Marehemu alikuwa akivuta hewa nje ya utaratibu. Anga lilikuwa safi. Hapakuwa na kivuli, kwa kuwa hakuna kitu chochote katika eneo hilo chenye uwezo wa kisheria wa kuwa na kivuli. Wizara inaipa familia pole na bendera ndogo."

Niliisoma mara tatu, nikidhani kosa liko kwenye kusoma kwangu.

*

Mwalimu Tegemea naye aliisoma. Akaandika barua kwa Wizara, fupi, yenye adabu. Aliomba paneli za zahanati zigeuzwe robo mzunguko tu. Spana moja, dakika ishirini, hakuna atakayekufa tena.

Jioni hiyo Waziri alihutubia redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna mtu anataka robo mzunguko. Leo robo! Kesho nusu! Keshokutwa tutaambiwa ni mapinduzi!" Akatangaza Sheria ya Mistari, iliyoandikwa na kupitishwa alasiri hiyo. Nimeihifadhi kichwani: Mtu yeyote ambaye kwa maelekezo yake mstari wa paneli ya taifa umekufa, atakaa kwenye chumba cha giza pamoja na paneli hiyo mpaka ipone.

Waziri aliwahi kuhudhuria mkutano wa wataalamu wa perovskaiti nje ya nchi. Huko alisikia kwamba paneli hizi zikikaa gizani hupona. Sentensi iliyofuata hakuisikia, alikuwa amesinzia.

Mwalimu akapatikana na hatia ya kufundisha habari za vivuli, jambo lililouogopesha mstari ukafa. Alifungiwa kwenye stoo ya zahanati, isiyo na dirisha, pamoja na paneli ya tatu. Stoo ina kiti kimoja. Kwa hiyo kifungu cha nne kilisema akipatikana mkosaji mpya, wa zamani atatoka ampishe. Kifungu cha tano kilisema kila Ijumaa mlango ufunguliwe na Mkaguzi wa Rangi aangalie kama njano imerudi kuwa nyeusi. Wizara ilitafuta nchi nzima mtu mwenye cheti cha paneli ambaye hayuko jela. Wakanipata mimi.

Niliapishwa. Kila Ijumaa nilisimama mlangoni na askari aliyeshika kadi ya rangi, ili nisidanganye.

"Imepona?" Mwalimu aliuliza, macho ameyafumba kwa mwanga.

"Njano ileile, Mwalimu."

"Andika njano."

"Mwalimu, nikiandika nyeusi, na huyu afande akitazama pembeni kidogo..."

"Mimi natazama mbele, mama," askari alisema. "Nina watoto."

"Andika njano, Mama Sikudhani," Mwalimu alisema. "Nilikufundisha uandike kilichopo. Ukiandika uongo kwa ajili yangu, nitakuwa nimekaa humu bure."

Niliandika njano Ijumaa thelathini na sita.

Kila nilipotoka pale nilikwenda nyuma ya tangi la maji kuomba. Najua kisasi si cha binadamu. Sikumwomba Mungu anipe. Nilimwomba aniazime, asubuhi moja tu, nitakirudisha kikiwa safi. Nilimtajia na ninachotaka, nisije nikamchanganya: mtu aliyeandika Waraka Namba Saba akae kwenye kile kiti.

*

Mwezi wa nane Bunge lilitazama tena, maendeleo yakaonekana yamesogea mbele zaidi. Wakaongeza mita mbili. Kuzindua mita hizo, Mkuu Asiyestaafu mwenyewe angeinuliwa kwa kiti cha umeme mpaka kwenye ncha ya kidole, akaze boliti ya mwisho. Kiti kingetumia paneli mpya kumi na mbili, zilazwe uwanjani chini ya mkono, ili ulimwengu uone nchi yetu inavyolitumia jua. Wakahitaji mtu wa kuzifunga. Mwenye cheti nje ya jela alikuwa bado mmoja.

Nilipelekwa ofisini kwa Waziri. Mapazia yalikuwa mazuri sana.

"Wewe ndiye yule mama wa ndoo?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Cheti umekipata wapi?"

"Masomo ya jioni, Mheshimiwa."

Aliwageukia wasaidizi wake wawili. "Jamani! Anasoma habari za jua jioni, jua lenyewe limeshaondoka!" Wasaidizi wakacheka, mmoja mpaka akapiga meza. "Mchana ulikuwa wapi, mama?"

"Mchana nilikuwa nauguza, Mheshimiwa."

"Haya, pole. Unajua kazi?"

"Naomba kuuliza ili nisikosee. Mistari ielekee Ikulu?"

"Kwani kuna kwingine?"

"Na dayodi nizing'oe?"

"Mama, umesoma Waraka au hukusoma?"

"Nimeusoma, Mheshimiwa. Upo mlango wa choo." Nikavuta pumzi. Sala yangu ilikuwa nisitende kwa hila, kwa hiyo nilisema kwa sauti, ili Mungu asikie na kuta zisikie. "Mheshimiwa, saa tatu asubuhi kivuli cha mkono kitalala juu ya mstari mmoja wa paneli zile. Mstari utaungua na kiti kitasimama. Tukizigeuza robo tu, haitatokea."

Msaidizi mmoja aliziba masikio. Yule aliyepiga meza aliuondoa mkono wake mezani akauficha nyuma.

Waziri aliinuka. "Mkono wa Mkuu hauna kivuli. Rudia."

"Mkono wa Mkuu hauna kivuli."

"Kwa nguvu."

Nikarudia kwa nguvu. Alipoketi nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wa uzeeni. Nasahau upesi. Naomba uniandikie maelekezo hayo, nisije nikayageuza."

Waziri Shindika alipenda kuandika kuliko chakula. Aliandika kwa wino wa kijani: Nimeelekeza mistari yote ielekee Ikulu. Nimeelekeza dayodi zote ziondolewe. Nimeelekeza kazi ifanyike bila kujali vivuli, kwa kuwa havipo. Akatia sahihi yenye mkia mrefu kama wa kenge. Nikaomba nakala tatu. Akaandika nne, moja ya kumbukumbu za taifa.

Nilifunga paneli kama alivyoelekeza. Sijawahi kufunga kazi safi kama ile.

*

Basi ikafika leo, Jumanne, jua kali, mawingu mawili.

Uwanja ulijaa. Watu wa mtaa wetu tulipangwa mbele kwa sababu tunaishi karibu na hatuna udhuru. Waziri alisimama mbele ya kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mkuu, mabalozi, wananchi, na wewe jua!" alianza. "Wapo walionong'ona kwamba paneli hizi ni dhaifu. Leo zitambeba aliye mzito kuliko wote kwa hekima! Hakuna giza litakalozigusa. Na kama ipo paneli itakayokufa leo, basi mimi si Waziri!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Mkuu Asiyestaafu alifungwa mkanda kwenye kiti. Ni mzee mdogo wa mwili, sanamu ilimwongezea. Kiti kikaguna, kikapanda. Mita moja. Mita mbili. Niliusikiliza mguno huo kwa masikio niliyokuwa nayo mwezi wa kumi na mbili.

Saa tatu kamili kivuli kikafika, kikapanda kwenye paneli ya nne, kikalala juu ya mstari mmoja.

Nataka niwaeleze adabu ya watu wa nchi yetu. Watu elfu mbili walikuwa na fimbo nyeusi ndefu mbele ya macho yao, na hakuna aliyeiona. Waliokuwa wamesimama ndani yake walitoka taratibu, wakitazama juu na kusifu anga. Mama mmoja alimziba mtoto macho. Balozi alianza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Mguno ukakatika. Kiti kikasimama mita tatu hewani.

"Shindika!" Mkuu aliita kutoka juu. "Kwa nini nimesimama?"

"Hujasimama, Mheshimiwa Mkuu! Umetulia juu!"

"Nataka kutulia kwenye kidole. Na hiyo harufu ni ya nini?"

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye paneli ya nne. Doa la njano likafunguka mbele ya kamera zote za taifa.

"Mstari umekufa," Mkuu alisema. Pale juu alikuwa na nafasi nzuri kuliko sote. Aliona mkono wake, akaona fimbo nyeusi iliyotoka miguuni pa sanamu mpaka kwenye moshi. Aliitazama muda mrefu, kisha naye akalitazama anga. "Nani ameuua?"

Waziri alininyooshea kidole. "Mama wa ndoo! Yeye ndiye aliyefunga! Mkamateni!"

Askari walinishika mikono. "Mheshimiwa Mkuu," nikasema, "sheria inasema mtu ambaye kwa maelekezo yake. Mimi sina maelekezo. Mimi nina karatasi."

"Isome."

Nilianza kusoma herufi za kwanza za maisha yangu kwenye benchi la wagonjwa. Leo nilisoma mbele ya watu elfu mbili, kwa kipaza sauti cha Wizara, na sikukwama hata mahali pamoja. Nimeelekeza. Nimeelekeza. Nimeelekeza. Kisha nikainua karatasi ili sahihi ionekane, na mkia wake.

"Ni yako, Shindika?"

"Ni... ni yangu, Mheshimiwa Mkuu, lakini kilichotokea ni..."

"Ni nini?"

Waziri akarudi nyuma hatua moja. Fimbo nyeusi ilikuwa imeanza kupita juu ya viatu vyake.

Nilimsogelea. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Mheshimiwa, njia ya kando ipo," nikamwambia. "Sema ni kivuli. Neno moja tu. Ukisema ni kivuli, si wewe uliyeua mstari. Na ukisema ni kivuli, utakuwa umesema pia kilichomuua Chilumba saa tatu na dakika kumi na nne, na Mwalimu Tegemea atatoka, na hatuna neno tena mimi na wewe. Sema, Mheshimiwa. Nimekusubiri."

Aliutazama mkono. Aliitazama ardhi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai. Namshukuru Mungu kwamba nilisimama karibu kiasi cha kuona midomo yake ikifunguka na neno likija, zima kabisa, mpaka kwenye meno.

Juu, Mkuu alikohoa.

"Hakuna kivuli," Waziri alisema.

"Basi ni maelekezo yako," Mkuu alisema. "Nishusheni."

Hakuna aliyejua namna ya kumshusha. Nikaleta ngazi yangu ya mbao. Alishuka kinyumenyume, kipandio kimoja kimoja, na mimi niliishika ngazi vizuri asianguke. Yeye ana siku yake. Nimeshaiandika kwenye orodha ya maombi, chini ya ombi la mvua.

*

Stoo ilifunguliwa kabla ya saa tano. Mwalimu Tegemea alitoka amejifunika uso kwa kiganja. Amekonda mpaka mkanda wake umezunguka mara mbili.

"Nani huyo?"

"Sikudhani, Mwalimu."

"Hali ya hewa?"

"Jua kali. Mawingu mawili. Upepo mdogo kutoka kusini."

"Vizuri," alisema, na machozi yakampita katikati ya vidole.

Wakaingiza paneli ya nne, wakaiegemeza ukutani. Wakamwingiza Mheshimiwa Magesa Shindika, wakamwonyesha kiti. Muuguzi Atugonza alikuwepo, na yule askari wa kadi, na karibu mtaa mzima, wamejipanga kimya kama foleni ya chanjo. Waziri alilitazama doa la njano. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza aliniita kama mtu.

"Mama Sikudhani. Wewe ndiye mwenye cheti. Si kweli kwamba zikikaa gizani zinapona?"

"Zikichoka, Mheshimiwa, hupona."

"Eeh. Ndivyo nilivyosikia hata mimi kule mkutanoni." Akaketi, akanyoosha tai yake. Uso ukamrudia kidogo. "Wiki moja, mbili. Nitavumilia. Ila mama, watu wa Wizara nawajua, watanisahau humu. Wewe ni mtu wa sala. Ahidi. Ahidi mbele ya watu hawa kwamba utakuja kuikagua."

Mwalimu alinigusa kiwiko. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umemwambia ile sentensi ya pili?"

"Siku ile ofisini nilimwambia ukweli, Mwalimu. Akaniambia nirudie wa kwake."

Mwalimu aliutoa mkono wake. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba alichoniazima nitakirudisha, ila bado sijamaliza nacho. Kisha nikasimama kwenye kizingiti, nikainua mkono wa kulia, nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma kabisa waliisikia:

"Mimi, Sikudhani, mjane wa Chilumba, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Kila Ijumaa, saa tatu kamili asubuhi, nitafungua mlango huu. Sitachelewa, na sitasahau. Nitaitazama paneli hii kwa haki, na nitaandika kilichopo. Na siku nitakapoona mstari huu umerudi kuwa mweusi, Mheshimiwa, siku hiyohiyo nitakutoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."